Treni ya kupanda ukitoka Kampala: Mombasa, Dodoma au ile ya Mwanza?

Mdogo wangu anafundisha shule ya msingi huko Bweyogerere. Alinipigia simu jioni moja, watoto wake wawili wakipiga kelele nyuma yake. "Kaka, likizo hii nataka hawa watoto wapande treni. Treni ya kweli, ya kusafiri mchana kutwa. Sasa niende Kenya au Tanzania?"

Nilimwomba siku mbili. Nimeshazipanda zote ninazozieleza hapa, lakini swali lake si jepesi kama linavyosikika. Nauli zinakaribiana. Kinachotofautiana ni njia ya kuifikia treni yenyewe, saa utakazokaa ndani yake, na unachotaka kukiona dirishani. Nilimwandikia majibu marefu, na kwa kuwa wengi hapa Kampala huniuliza jambo hilohilo kila likizo ikikaribia, nayaweka hapa.

Wasioijua historia yetu hushangaa kwa nini Mganda afunge safari hadi nchi nyingine kutafuta treni. Sisi tulizaliwa kwenye nyumba za reli Nsambya, na Kiswahili chetu tulikipata pale, kwa majirani waliotoka Kisumu, Busia na Tororo kufuata kazi ya reli. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, ikaenda mpaka Kasese mwaka 1956. Babu alikuwa akitaja stesheni za njia ile kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu wajukuu. Treni za abiria za safari ndefu zilikatika miaka ya 1990. Treni ya Kampala kwenda upande wa Namanve, hata inapokuwepo, ni ya kuwapeleka watu kazini na kuwarudisha. Kwa hiyo kijana wa Kampala mwenye miaka ishirini na tano anaweza kuwa ameshapanda ndege lakini hajawahi kulala ndani ya treni.

Bei kwanza, kwa sababu ndiyo inayoulizwa

Kutoka Nairobi hadi Mombasa, daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya tangu Januari 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 1,000. Daraja la kwanza ni 4,500. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, treni ya kawaida ya SGR, yaani reli mpya iliyo pana kuliko ile ya zamani, ilianza mwaka 2024 kwa shilingi 31,000 za Tanzania, na kuishia Morogoro ni 13,000. Ukizibadili kwa pesa yetu, ile 1,500 ya Kenya na ile 31,000 ya Tanzania zote zinaangukia elfu arobaini na kidogo. Watoto wadogo hulipa nusu kote kuwili, na wachanga hawalipi. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba upande mmoja ni wa rahisi na mwingine ni wa matajiri. Pesa yako itaisha kwenye basi, malazi na chakula, na hapo ndipo Kenya inapotangulia: Kampala hadi Nairobi ni basi la usiku mmoja, kupitia Busia au Malaba. Kampala hadi Dar kwa barabara ni mchana na usiku wake, na mara nyingi hupita hapo.

Nairobi hadi Mombasa

Treni hii ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Ni ya dizeli, njia yake ni ya takriban kilometa 470, na safari huchukua saa tano hadi sita kutegemea umepanda ipi. Ya asubuhi huondoka saa mbili kamili na kusimama stesheni za njiani: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na nyinginezo. Ya mchana huondoka saa tisa. Ya usiku huondoka saa nne.

Msafiri wa matembezi apande ya asubuhi. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu nimeona watu wetu wakichagua ya usiku ili kuokoa pesa ya kulala. Wanafika Mombasa kabla ya alfajiri, macho mekundu, hawajaona kitu, wanaanza kuhangaika na madereva wa tuktuk gizani. Ya saa tisa nayo inakunyima nusu: jua linazama ukiwa umefika hifadhi ya wanyama ya Tsavo, na Tsavo ndiyo sababu ya kupanda treni hii.

Ukitoka Nairobi, kaa upande wa kulia. Asubuhi isiyo na mawingu, ukishapita Emali, Kilimanjaro inajitokeza ng'ambo ya vilima vya Chyulu, nyeupe juu, chini haionekani, kama imening'inizwa. Baadaye udongo unageuka mwekundu, mibuyu inaanza, na treni inakata katikati ya hifadhi. Reli imeinuliwa juu ya tuta na kwenye madaraja ili wanyama wapite chini. Tembo wa kule hujipaka vumbi lile mpaka wanakuwa na rangi ya matofali. Mara ya kwanza nilidhani ni vichuguu. Mama mmoja Mkamba aliyekaa mbele yangu alinigusa goti, akasema, "Mwanangu, angalia vizuri, vile vichuguu vina masikio."

Kitu kingine ambacho watoto hawakisahau ni wafanyakazi wa stesheni. Treni inapopita, hata isiposimama, mtu mmoja aliyevaa sare anakuwa amesimama wima kando ya reli, ameielekea treni, mpaka behewa la mwisho limalize kupita. Nimeliona jambo hilo kwenye stesheni ndogo ambako hapakuwa na abiria hata mmoja.

Sasa upande wa usumbufu. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, mbali na mjini, na ukaguzi wake ni kama wa uwanja wa ndege. Unaambiwa upange mizigo chini kwa mstari, urudi nyuma, mbwa apitie begi moja moja akinusa. Halafu mashine, halafu kitambulisho, halafu ngazi. Fika saa moja kabla ya wakati, na kama una watoto fika mapema zaidi. Kuna treni ya mjini inayotoka stesheni kuu ya Nairobi kukupeleka pale, nayo inakuepusha na foleni ya Mombasa Road, ambayo imeshawaachisha wengi safari. Usipange kushuka basi la Kampala alfajiri na kupanda treni ya saa mbili siku hiyohiyo. Basi likichelewa Nakuru, tiketi yako imekwenda. Lala Nairobi usiku mmoja.

Tiketi inakatwa kwa simu au kwenye mtandao wa shirika la reli, na malipo ni kwa M-Pesa. Laini zetu za Uganda hapo hazikusaidii. Ama upate ndugu aliye Kenya akukatie, ama ununue dirishani, na Desemba au Pasaka usitegemee dirisha, maana viti huisha siku nyingi kabla. Ukikatiwa na mtu, mtumie picha ya kitambulisho, usimsomee kwa mdomo. Namba yetu ya kitambulisho cha taifa ina herufi na tarakimu 14. Jamaa mmoja aliyenikatia tiketi kwa kusikiliza tu aliandika O mahali pa sifuri. Nilizuiwa mlangoni nikiwa nimeshika begi, treni ikaondoka nikiiona, nikalipa upya kwa ajili ya ile ya saa tisa. Tsavo niliipita gizani siku hiyo.

Ukifika, stesheni ya Mombasa iko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hiyo bado una matatu au tuktuk ya kukufikisha mjini. Lakini baada ya hapo mji ni wako: Mji wa Kale, Fort Jesus iliyojengwa na Wareno miaka ya 1590, viazi karai vya jioni, kivuko cha Likoni kwenda Diani. Kwa mtu wa Kampala anayesema Kiswahili, kuna raha yake kuingia mji ambao lugha yako ndiyo mwenyeji.

Dar hadi Dodoma

Hii ni treni nyingine kabisa. Inakwenda kwa umeme, spidi yake inafika kilometa 160 kwa saa, na haina ule mtikisiko wala mngurumo. Ilianza Dar hadi Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Mwishoni mwa mwaka huohuo yakaingia mabehewa yenye pua iliyochongoka, ambayo Watanzania wenyewe wanayaita mchongoko. Ya haraka huchukua kama saa tatu na nusu hivi, na ya kawaida inazidi kidogo tu. Kwa barabara safari hiyohiyo ni kutwa nzima ya malori na matuta.

Kwa Mganda kuna sababu ya pekee ya kwenda kuipanda. Oktoba 2024 serikali yetu ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya Malaba hadi Kampala, kilometa 272, na kampuni ya Kituruki ya Yapi Merkezi, ileile iliyojenga Dar, Morogoro hadi Dodoma. Nayo itakuwa ya umeme. Ukikaa kwenye kiti kile unaona kitu kinachoandaliwa kupita Tororo na Jinja. Mimi nilipokuwa ndani yake nilimfikiria babu, aliyekuwa akihesabu stesheni za njia ya treni za mvuke.

Kwa macho ya mtalii, nusu ya kwanza kutoka Dar ni ya kawaida: mashamba, mikorosho, tambarare za Ruvu. Uzuri unaanza Ngerengere. Kaa kushoto ukitoka Dar, milima ya Uluguru inakuja upande huo, mirefu, mara nyingi imevaa mawingu shingoni. Baada ya Morogoro ni mashamba ya mkonge, kisha Kilosa, ambako treni inaingia kwenye mahandaki na kutoka juu ya madaraja marefu kwenye bonde la mto Mkondoa. Watoto wangeipenda sehemu hiyo peke yake. Halafu nchi inakauka, mawe makubwa yanatokea, na umefika Dodoma.

Na hapo ndipo tatizo lake lilipo kwa mtu wa likizo. Dodoma ni mji wa serikali. Kuna zabibu, kuna upepo mzuri, kuna mwamba wa kupanda jioni, lakini ukishamaliza siku moja unatafuta pa kwenda. Dar ndiyo yenye bahari na boti ya Zanzibar. Wengi wetu hufanya safari hii kinyume: wanapita Dodoma kwa basi hadi Dar, wakiwa wamechoka hoi, kisha wanapanda treni kurudi Dodoma na tena Dar, kana kwamba ni bembea. Mabasi ya Kampala kwenda Dar kupitia Mutukula yanapita Singida na Dodoma. Shuka Dodoma. Lala. Kesho yake ingia Dar kwa treni, ukiwa umeoga. Umeokoa kipande kigumu zaidi cha barabara na umeifanya treni iwe sehemu ya njia. Ukiingia kwa upande huo, kumbuka Uluguru sasa iko kulia.

Malipo yake ni mepesi kuliko ya Kenya kwa mgeni mwenye laini ya Tanzania: unakata mtandaoni, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Laini unainunua Mutukula ukivuka. Pasipoti unaonyesha wakati wa kupanda.

Ile ya Mwanza

Sasa nafika kwenye ninayoipenda, na nakiri napendelea. Mwanza haiko mbali na sisi kama watu wanavyodhani. Ni Masaka, Mutukula, Bukoba. Kutoka Bukoba kuna meli ya usiku ya kuvuka ziwa, au basi la kuzunguka. Basi hilo limepungukiwa na adha tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi. Zamani mlikaa mkingoja kivuko.

Reli ya Mwanza ni ya zamani, ile ya upana wa mita moja. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar mwaka 1905, wakafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Tabora hadi Mwanza likakamilika mwaka 1928, enzi ya Waingereza. Treni yake inakwenda siku chache tu kwa wiki, haina haraka, na unalala humo. Chukua daraja la pili la kulala. Chumba kina vitanda sita, vitatu kila upande, na vyumba vya wanawake na vya wanaume vimetengwa, isipokuwa familia ikinunua chumba kizima.

Mimi nilipanda na kanga, mkate na chupa ya maji, nikashuka na marafiki watatu. Chumbani tulikuwa na mzee wa Kisukuma aliyekuwa akienda kumwona daktari, vijana wawili wa chuo, na fundi cherehani aliyebeba kichwa cha cherehani mapajani usiku kucha kwa sababu hakutaka kiwekwe chini. Saa mbili usiku chakula kilipita koridoni, wali na kuku. Kitanda cha juu kilikuwa chembamba, na kila treni iliposimama nilisikia sauti za chini gizani: "Mayai! Chai! Karanga!" Tabora nilinunua asali dirishani. Nilishusha noti, ikapanda chupa, na chenji ikanifikia treni ikiwa imeanza kusogea. Kijana alikimbia nayo pembeni mpaka mkono wangu ukaipata. Saranda, karibu na Manyoni, ni kuku wa kuchoma, na hapo behewa zima lilinukia.

Kiswahili cha njia hiyo ni darasa. Sisi wa Uganda tumezoea kuambiwa Kiswahili chetu ni cha jeshi au cha Nubi wa Bombo. Mle ndani yule mzee alinisikiliza, akauliza ninatoka wapi, nilipojibu akasema, "Kumbe na huko mnasema vizuri," kisha akanihamishia upande wa dirisha.

Ubaya wake lazima niuseme wazi. Inachelewa, na kuchelewa kwake kunaweza kuwa kwa saa nyingi. Choo kinachafuka kadiri safari inavyoendelea. Mvua za masika zimekuwa zikikata njia ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe mara kwa mara, kwa hiyo Machi hadi Mei usiitegemee. Na mwenye watoto wadogo ajiulize mara mbili. Ninachopendekeza ni kushuka Dodoma badala ya kwenda nayo mpaka Dar: unalala hotelini, kisha unapanda ile ya umeme. Treni mbili, karne mbili, safari moja. Stesheni ya SGR si ile ya zamani ya mjini, mwambie dereva wa bajaji waziwazi unakwenda ipi.

Kuna nyingine mbili watu huniuliza. Treni ya Kisumu hadi Nairobi ilirudishwa Desemba 2021, na kwa mtu wa Tororo au Busia ingekuwa ndiyo ya karibu kuliko zote, lakini safari zake ni za mwisho wa wiki na sikukuu, piga simu kwanza kabla ya kuiwekea mpango. TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi huko Zambia, ni safari ya mwenye likizo ndefu na moyo mpana, na kwa mwalimu mwenye siku tisa haifai.

Karatasi na saa

Kwenda Kenya, kitambulisho cha taifa kinatosha kwa mtu mzima. Huu ni mpango wa Uganda, Kenya na Rwanda tangu 2014. Tanzania haumo, huko ni pasipoti. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe kote, Mutukula wanaiuliza. Watoto nawashauri watengenezewe pasipoti mapema, hata kama safari ni ya Kenya, ili usibishane mpakani ukiwa na basi linalopiga honi.

Na angalia saa. Tiketi zote zimeandikwa kwa saa za kizungu: 08:00 ni saa mbili asubuhi, 15:00 ni saa tisa alasiri. Kwa mdomo watu wote watakutajia saa za Kiswahili, kama sisi tunavyohesabu kwa Luganda. Mpwa wangu mmoja alisoma 10 kwenye tiketi, akamwambia mwenye teksi "saa kumi". Treni ilikuwa ya saa nne asubuhi.

Nilichomwambia mdogo wangu

Ana siku tisa, watoto wa miaka saba na kumi, na mshahara wa mwalimu. Nilimwambia Mombasa, treni ya saa mbili asubuhi, daraja la kawaida. Daraja la kwanza lina nafasi, ila kwenye la kawaida viti vinatazamana na meza ndogo katikati, na watoto watapata wenzao wa kucheza nao kabla ya Kibwezi. Kama angekuwa peke yake, au na mumewe tu, ningemwambia Mutukula bila kusita: Mwanza kwa treni ya zamani, Dodoma kwa usiku mmoja, Dar kwa ya umeme, na kurudi Entebbe kwa ndege ikiwa pesa inaruhusu. Na kama angekuwa mhandisi, au mtu anayetaka kujua Malaba itafananaje miaka ijayo, ningempeleka moja kwa moja Dodoma.

Juzi alinitumia picha ya tiketi tatu, alizokatiwa na shemeji yetu aliyeko Nairobi. Nilizikagua namba za vitambulisho herufi kwa herufi. Ziko sawa. Swali lake lililobaki lilikuwa moja tu: kulia ni kulia kwa anayetazama mbele au nyuma? Ni kwa anayetazama treni inakoelekea, Mombasa.